Kaunta inasoma 60 lakini gemu linakwamakwama: tazama muda wa fremu, usitazame namba tu

Mkuu, umeuliza mawili kwa mpigo: utaonaje fremu kwa sekunde (yaani picha ngapi zinachorwa kila sekunde) ukiwa ndani ya gemu, na mbona gemu linakwamakwama wakati kaunta inasoma 60. La kwanza jepesi. La pili lilinitesa karibu mwezi mzima, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Kuona namba: kama unachezea Steam, ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya mambo ya ndani ya gemu, uwashe kaunta. Kwenye Windows 10 na 11, bonyeza Windows+G, utaona kisanduku kinachoonyesha prosesa, kadi ya michoro, RAM na fremu. Programu za NVIDIA na AMD nazo zina kaunta zao. Minecraft ya Java ni F3 tu. Counter-Strike 2 unafungua konsoli (kisanduku cha kuandikia amri) na kuandika cl_showfps 1. Chagua mojawapo, ukiziwasha zote skrini itajaa namba hadi usimwone adui.

Sasa kisa changu. Mashine yangu ina kadi ya michoro yenye memori ya GB 4. Nilikuwa nacheza gemu la magari, kaunta inacheza kati ya 70 na 75, namba ambayo mtu hana sababu ya kuilalamikia. Lakini kila nikiingia mjini kwa kasi, picha inashtuka kama mtu aliyejikwaa kisiki. Nikapunguza vivuli, nikazima miakisi ya maji, namba ikapanda hadi 90, na mshtuko uko palepale. Nikajiaminisha kwamba prosesa imezeeka, nikaanza kuulizia nyingine. Nashukuru sikuwa na haraka ya kulipa.

Kilichonifumbua macho ni MSI Afterburner, programu ya kufuatilia kadi ya michoro, ile inayokuja na RivaTuner ya kuonyesha namba juu ya gemu. Usidanganywe na jina, inafanya kazi na kadi za kampuni nyingine pia. Ila ipakue kwa MSI wenyewe, maana kuna tovuti feki zinazoigiza ile halisi na kukupa virusi. Pia baadhi ya magemu ya mtandaoni yenye ulinzi mkali dhidi ya wadanganyifu hayaipendi, kwa hiyo angalia kwanza.

Humo ndani, mbali na kaunta, washa muda wa fremu na uufanye uonekane kama grafu. Huo ni muda ambao fremu moja imechukua kutengenezwa, kwa milisekunde. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila moja inapata kama milisekunde 16.7, fremu 144, kama 6.9. Sasa piga hesabu hii: fremu 59 zikitoka kila moja kwa milisekunde 15, halafu ya 60 ichukue 115, jumla ni sekunde moja kamili. Kaunta itakuandikia 60 bila aibu, na jicho lako limeona picha ikiganda. Ndiyo maana wanaopima kadi hutaja pia zile asilimia 1 ya fremu zilizo polepole kuliko zote. Wastani ni mpole mno, husamehe kila kosa.

Basi, nikavirudisha vivuli na miakisi yangu, nikapima: mstari ulitulia kwenye milisekunde 13 au 14, halafu nikiingia mjini unaruka kupita 90. Pembeni nilikuwa nimewasha memori ya kadi: imejaa pomoni. Michoro ya nyuso za majengo na barabara haikuenea kwenye GB 4, kadi ikawa inaifuata kwenye RAM ya kompyuta, safari ambayo ni ya polepole sana kwake. Nikashusha ubora wa hiyo michoro kutoka juu kabisa hadi wa kati. Wastani haukubadilika hata kwa kutaja, ila mstari ukanyooka. Mwezi mzima wa hasira, dawa ilikuwa kitufe kimoja.

Kwako wewe, namba kugota 60 kamili inanifanya nishuku V-Sync (mpangilio unaofunga fremu zifuate kasi ya skrini) imewashwa kwenye skrini ya hezi 60, yaani inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Hapo kaunta haipandi zaidi hata mashine ikiweza, kwa hiyo haikwambii chochote kuhusu uwezo wake. Izime wakati wa kupima, na uzime pia teknolojia ya kuzalisha fremu za ziada kati ya zile halisi kama gemu linayo. Ile inanenepesha namba lakini mkono wako hausikii wepesi wowote.

Kisha cheza sehemu ileile dakika kumi, maana laptopu hupoteza kasi ikishapata joto, na chaja iwe imechomekwa. Matumizi ya kadi yakisoma asilimia 97 au zaidi, yenyewe ndiyo inayobeba mzigo. Yakisoma 60 hivi na hujaweka kikomo cha fremu, mara nyingi prosesa ndiyo inayochelewesha, na usitazame asilimia ya jumla ya prosesa, kwa sababu prosesa ina viini kadhaa, na gemu linaweza kumaliza kiini kimoja huku vingine vimelala.

Ukimaliza, piga picha ya grafu mara tu baada ya kukwama, uiweke hapa pamoja na ukubwa wa memori ya kadi yako.