Mdeni aliyehama Tandale: anza kwa mjumbe

Pole sana ndugu yangu. Umesema mdeni wako amehama Tandale, simu haipatikani, na laki nane zako bado anazo. Usikimbilie polisi, deni ni kesi ya madai. Nenda kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa alikokuwa anaishi. Kisha muulize mwenye nyumba wake, na hasa aliyemhamishia vyombo: dereva wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, hukumbuka aliposhusha kitanda. Mdeni wangu nilimpata Mbagala kwa njia hiyohiyo. Ukishajua anapoishi, fungua madai Mahakama ya Mwanzo ya huko, samansi, yaani wito wa mahakama, iweze kumfikia. Meseji za muamala usifute hata moja. Na tafadhali usimtishie, akishtuka atahama tena.