Pesheni ya njano ndo jibu

Dada uliyeuliza mmea gani utambae haraka ufunike seng'enge hapo Kigamboni, mi nakwambia panda pesheni, ila iwe ya njano, ile ya zambarau inapenda baridi za kina Njombe huko, joto la pwani inadumaa tu. Weka miche miwili mitatu ya mbegu tofauti sio mmoja, maana ya njano haijichavushi yenyewe, inamtegemea yule nyuki mweusi mkubwa anayetoboa mbao, kwa hiyo ukimwona kwenye kenchi usimpulizie dawa jamani. Yangu miezi sita tu ilishamaliza fensi ikavukia kwa jirani, sasa matunda anachuma yeye 😅 Boganvilia nzuri lakini miiba, kama una watoto achana nayo.