Kabla hujamrekodi mvuvi kuhusu 1994

Ukianza kukusanya kumbukumbu za mwaka huo kwenye mialo ya Mwanza, yaani maegesho ya mitumbwi ya wavuvi kama Kirumba au Igombe, sahihisha jina kwanza: mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda. Ukimuuliza mzee habari za "vita vya Rwanda", atakusimulia askari na wakimbizi, na waliouawa kwa kuzaliwa Watutsi watapotelea humo.

Kisha ramani. Mto Kagera ulioteremsha miili ya waliouawa hadi Ziwa Victoria haumwagiki Mwanza. Unaingia ziwani upande wa Uganda, karibu na Kasensero. Makaburi ya pamoja yapo huko Kasensero, Lambu na Ggolo, yenye zaidi ya watu 10,000. Kwa hiyo msimuliaji akisema "tuliwaona", muulize taratibu: Baba, mlikuwa kambi gani ya uvuvi? Mtumbwi ulitoka wapi? Wavuvi huhama. Huenda alikuwa mbali, au alisimuliwa na aliyekuwepo.

Hapo ndipo wageni wengi huharibu. Chora safu mbili daftarini, "nimeona" na "nimesikia", na usidharau ya pili: woga wa kula samaki ni historia hata kwa ambaye hakuona mwili wowote. Ila usizichanganye. Anayekana mauaji haya hahangaiki kukanusha kila shahidi. Hutafuta mmoja aliyetia chumvi, akamtumia kuwachafua wote. Kwa sababu hiyo hiyo usiulize "wangapi?" Utapewa namba ya kukuridhisha tu.

Tarehe nayo ina njia yake. Mvuvi wa dagaa hukumbuka kwa giza, yaani siku zisizo na mwezi, na mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mpevu taa haivuti dagaa sawasawa. Mwaka ule Pasaka ilikuwa 3 Aprili, mauaji yakaanza tarehe 7 na kuendelea siku kama 100. Giza la pili baada ya Pasaka liliangukia karibu 10 Mei. Uliza "giza la ngapi?" na utapata wiki.

Rekodi ndani ya banda. Upepo na injini za mwaloni humeza sauti. Zima mtandao wa simu, na weka kinasa cha pili. Akilia, zima vyote, usimsukume amalizie. Rudi kesho yake, bila kalamu. Asiyetaka jina lake litajwe mpe namba, na orodha ya majina ikae mbali na sauti, kwenye kabati lingine lenye kufuli.