Usikate springi za hiyo Impreza mkuu, lala chini kwanza uangalie mkono wa chini

Mkuu simamisha hiyo kazi. Kama gari lishapanda jeki mwambie fundi alishushe. Umeandika una Impreza WRX ya 2003, fundi kakwambia akate springi mzunguko mmoja na nusu ishuke inchi mbili "ili ishike barabara na ikae kibabe", alafu ukauliza rimu za 17 au 18, uso wa Hawkeye (sura ya tatu na ya mwisho ya bodi yako) uweke au uache, spoila kubwa ina kazi gani. Hayo mengine yasubiri. Hilo la springi ndo litakalokumaliza, na nimeona watu wanakupigia makofi hapo juu "shusha mwana shusha" wakati hata mmoja hajakuuliza shokapu zako zimebaki na nafasi kiasi gani ya kushuka.

Mimi niliambiwa sentensi hiyo hiyo. Ikilala chini inashika barabara. Gari langu lilikua WRX ya 2004, Blobeye, sura ya pili ya bodi ileile ya GD kama yako, miguu ileile, sastamita mbele na sastamita nyuma, yaani shokapu na springi zimeungana kuwa mguu mmoja. Gereji yenyewe sitaitaja, ila nje ya geti palikua na magari yamelala mpaka kidole hakipiti kati ya tairi na fenda, mafundi wana ovaroli, jamaa anaongea kwa kujiamini, na alivyomaliza akaniambia "sasa hili ndo gari". Nikalipa. Siku za mwanzo mjini niliona kweli kabisa, usukani unajibu haraka, halilali sana kwenye mzunguko, nikawa napiga picha kila nikipaki. Hapo ndo penye mtego mkuu, kwa sababu springi ukiikata inakua ngumu zaidi, mizunguko inayofanya kazi imepungua, kwa hiyo kwenye lami laini ya mjini unauona ule ugumu unadhani ni ushikaji.

Alafu nikaenda nalo Morogoro.

Wale wanaoijua ile barabara wanajua lami ilivyobonyezwa na malori, kuna mahali imejikunja mawimbi mawimbi. Kuna kona ya kulia unaingia huku unashuka, spidi yangu ilikua ya kawaida tu maana mdogo wangu alikua pembeni na nyuma tumepakia mizigo. Katikati ya kona tairi za nyuma zikakuta wimbi, nikasikia gduu, moja tu, na mkia ukaondoka. Haukuteleza polepole kwamba unausikia unaurudisha, uliruka. Kwa neema ya Mungu upande wa pili hapakua na lori. Full taimu AWD, ile ya tairi zote nne kuvuta muda wote, na sifa zake zote za kwenye rali hazikunisaidia kitu, kwa sababu AWD inagawa nguvu ya injini kwenye tairi, tairi ikiwa hewani haina cha kugawiwa.

Sasa sikiliza kwa nini, maana hakuna aliyenieleza nikalazimika kujifunza kwa pesa.

Kwenye fimbo ya shokapu, upande wa juu, kuna ile raba ya kuzuia, inayopokea pale shokapu inapofika mwisho. Tuseme gari lako likisimama lina milimita 80 za kushuka kabla ya kugusa raba. Ukikata springi ukashusha milimita 50, umebakiwa na 30. Thelathini! Ongeza abiria na mizigo, umebaki na kitu kama unene wa kidole. Ukiingia kona gari linalala upande mmoja, hiyo akiba inaisha, raba inagusa, na kuanzia hapo huna springi tena, una kipande cha raba kigumu kati ya bodi na tairi. Mguu uliogusa ndo unabeba mzigo wote ghafla na tairi yake inazidiwa. Ikigusa mbele, gari linakataa kukata kona linanyooka. Ikigusa nyuma, mkia unatoka. Langu lilikua na mizigo nyuma, kwa hiyo unajua lilichagua lipi.

Na huo ni mwanzo tu. Nenda chini ya gari uangalie ule mkono wa chini, unaotoka kwenye subframu (ile fremu ya chini ya injini) unaenda kushika boljointi ya tairi ya mbele. Gari likiwa kimo cha kiwandani, mkono unainamia chini kuelekea kwenye tairi au unakaribia usawa. Ukishusha sana unageuka, upande wa tairi unakua juu kuliko upande wa subframu. Kwenye gari la sastamita hii ni sumu, kwa sababu mbili. Ya kwanza, mkono ukiwa unainama, tairi ikipanda kwenye kona inajilaza kidogo kwa juu kuelekea ndani, huo mlalo wa tairi, yaani kemba, ndo unafanya uso wa tairi ukae vizuri chini wakati bodi inalala. Kadiri mkono unavyopanda, faida hiyo inapungua, ukizidisha inageuka kabisa na tairi inajilaza nje, unapiga kona kwa ukingo wa tairi. Ya pili wengi hawaijui, kila gari lina sehemu ambayo bodi inalala kuizunguka, sasa ukishusha gari la sastamita ile sehemu inashuka haraka kuliko uzito wenyewe unavyoshuka. Umeelewa? Uzito umeshuka inchi mbili, ile sehemu imeshuka zaidi ya hizo inchi mbili, umbali kati yao umeongezeka, gari linataka kulala ZAIDI kuliko mwanzo. Ndo maana unaona watu wanashusha alafu wanatafuta springi ngumu, alafu stabilaiza nene (chuma cha kuzuia bodi kulala), alafu ngumu zaidi, wanafukuzana na tatizo walilolitengeneza wenyewe.

Tairodi, ile fimbo inayogeuza tairi ukizungusha usukani, nayo pembe yake imebadilika, kwa hiyo kila tuta linageuza tairi kidogo bila wewe kugusa usukani. Barabarani unahisi gari linatangatanga, unashika usukani kwa mikono miwili muda wote, unafika umechoka.

Nilivyorudi kwa yule fundi kumwambia mkia umeruka, unajua aliniambia nini? Shokapu zimekufa. Na kweli zilikua zimekufa, kwa sababu yeye ndo aliziua, springi iliyokatwa inarusha kwa nguvu kuliko shokapu ya kiwandani inavyoweza kuzuia, na kila tuta ilikua inagonga chini. Akaniuzia zingine. Zikafa. Akasema ni wili alaimenti, nikalipia alaimenti, tairi za mbele zikaendelea kulika ndani. Akasema bushi. Akasema boljointi. Buti za eksel zikapasuka akasema spea za siku hizi ni feki. Mpaka leo nikikumbuka nakereka, yule mtu hakuwahi hata siku moja kuchukua tepu akapima kitu chochote kwenye lile gari. Hakupima kimo, hakupima nafasi ya shokapu, hakuangalia mkono. Alikua anaangalia gari kwa ubavu kutoka mbali, anainamisha kichwa, anasema bado kidogo. Na bado ana wateja! Kabla hamjaja kunicheka hapa, wenye Toyota Mark X mliokata springi nawaona mnavyopita tuta kwa kukata kona kama mnapaki.

Pesa niliyomaliza pale, shokapu mara mbili, tairi, boljointi, buti, alaimenti zisizo na maana, ingenunua koilova nzuri, yaani seti ya shokapu na springi unayoweza kurekebisha kimo chake, na chenji ya mafuta ingebaki.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitaisema kwenye kila uzi wa kushusha gari mpaka mnichoke: MKONO WA CHINI USIANGALIE JUU. Gari likiwa limesimama kwa tairi zake sehemu tambarare, na mafuta ndani, na wewe umekaa kwenye siti, boljointi isiwe juu kuliko bushi za upande wa subframu. Ukifika usawa, hapo ndo mwisho wako, achana na habari za kidole kwenye fenda. Wapo watakaokwambia kuna boljointi ndefu za kurekebisha pembe, ni kweli zipo na zinafanya kazi, ila hazikurudishii nafasi ya shokapu uliyoipoteza.

Utasema basi naweka koilova, si zina nati ya kupandisha na kushusha. Sawa, ila nazo zina mtego. Zipo za barabara na treki zinazokuja na springi za kilo 8 kwa milimita mbele, huko nyuma 6. Piga hesabu, springi ya mbele ya gari lako inabeba kama kilo 350 hivi. Gawa kwa 8, inabonyea milimita 44 gari likisimama. Ile ya kilo 4 ingebonyea 88. Hizo milimita za kubonyea ndo tairi inazitumia kufuata shimo kwenda chini. Ukiwa na 44, ukikuta shimo au upande wa pili wa tuta tairi inabaki inaning'inia. Kwenye treki iliyolazwa lami vizuri kilo 8 ni sawa kabisa, kwenye barabara zetu ni kujichosha. Tafuta za springi laini, na tafuta zile ambazo unashusha kwa kuzungusha mguu wa chini wa koilova yenyewe, sio kwa kushusha kikalio cha springi, maana ile ya mguu inakuachia nafasi yako ya shokapu ileile.

Na kama unabisha kwamba gari la spidi lazima lilale, waangalie Subaru wenyewe. Dereva wao wa rali Colin McRae alishinda Safari Rally 1997 na Impreza, Richard Burns akashinda 2000 na Impreza. Tafuta picha za hayo magari. Yamenyanyuka juu, yana snoko (bomba la kuvutia hewa juu) pembeni ya kioo, yana bomba za chuma mbele. Wale walikua na mainjinia, wana pesa, wanaweza kuweka kimo chochote wanachotaka, na walivyokuja kwetu huku waliyapandisha kwa sababu walijua tairi isipopata nafasi ya kupanda na kushuka hamna gari. Impreza hiyohiyo wakiipeleka rali ya lami wanaishusha. Barabara ndo ilikua inawaambia kimo.

Hapo naingia kwenye swali lako la muonekano. Bugeye ya 2000, sura ya kwanza, watu waliipiga mawe mpaka 2003 ikaja Blobeye, na sura ile ina mkono wa Peter Stevens, yule aliyechora McLaren F1, alikua anafanya kazi na Prodrive, kampuni iliyoendesha timu ya rali ya Subaru. Mimi naona ndo sura iliyotulia kuliko zote tatu, Hawkeye ni nzuri ila pua yake mimi hainiingii. Lakini uzuri wa Impreza haujawahi kuwa kwenye taa. Ile pua kwenye boneti inapeleka hewa kwenye intakula (kipoza hewa ya turbo) iliyokaa juu ya injini. Zile fenda zilizotuna za 22B, ile Impreza maalum ya 1998, zilifuata bodi ya gari la rali ambalo tairi zake zimekaa mbali zaidi. Kila kitu kinachovutia kwenye lile gari kina kazi kinafanya, ndo maana hata mtoto asiyejua gari anageuka kuliangalia. Sasa ukilikuta limelala, tairi zimejichimbia ndani ya fenda, linavuka tuta la kijiji kwa mshazari huku bampa inakwaruza, mimi uzuri siuoni, naona gari lililofungwa miguu. Liweke kimo ambacho tairi imejaa fenda vizuri lakini mkono uko usawa, utashangaa linavyoonekana limejiandaa. Uso usibadilishe, hiyo pesa peleka kwenye shokapu.

Sasa fanya hivi kabla hujampa mtu yeyote hela. Chukua tepu, pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa fenda, miguu yote minne, andika. Usipime kutoka chini, tairi zikiwa na upepo tofauti zitakudanganya. Kisha chukua vile vikamba vya plastiki vya kubania nyaya, funga kimoja kwenye fimbo ya kila shokapu, kama ina koti la vumbi linyanyue kwanza, kisukume kikamba kiguse mwili wa shokapu. Endesha barabara zako za kila siku, na mizigo yako na watu wako. Ukirudi uangalie kikamba kimesukumwa mpaka wapi na kimebakiza kiasi gani kufika kwenye raba. Hicho kilichobaki ndo ruhusa yako ya kushusha, na usikimalize chote. Wengi mtakuta ni milimita 15 au 20, basi. Zipo springi za kushusha zilizotengenezwa kwa ajili ya gari lako zinazoingia humo, za kukata na gesi ya kuchomelea haziingii, na akikwambia atazipasha moto tu zilale bila kukata ondoka hapohapo, chuma cha springi kikipashwa kinapoteza ugumu wake.

Wili alaimenti ifanyike mwisho, kimo kikishakaa. Mbele bolti ya juu ya sastamita kwenye Subaru ni ya kurekebisha kemba, mwambie akupe digri moja na kitu hasi, pande zote sawa, na tou (tairi kuangalia ndani au nje) iwe sifuri. Akikwambia kemba ya Subaru hairekebishwi badilisha fundi.

Leta namba za miguu yote minne hapa na picha ya mkono wa chini umepigwa kutoka mbele gari likiwa chini, nitakuambia kama una nafasi au huna. Kuhusu springi hizo, mwambie arudishe gesi yake.