Msasa Usiguse Chapa ya Jeshi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Kizota, Dodoma. Nimenunua sokoni gongo la zamani la besiboli lenye chapa ya U.S. na maneno Special Services. Limechafuka na lina ufa kwenye mpini. Fundi seremala anataka kulipiga msasa na kulipaka vanishi. Je, nimruhusu?

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali mzuie. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Special Services ndicho kilichokuwa kitengo cha Jeshi la Marekani cha michezo na burudani za askari, na magongo yake yalitoka kwa watengenezaji kama Hillerich & Bradsby wa Louisville. Thamani ya gongo lako imo katika maandishi hayo, ambayo, yakiwa yameunguzwa kwa chuma cha moto, yamezama kidogo mno ndani ya mbao, kiasi kwamba msasa ukipita mara chache tu yatafutika, na kuyachoma upya ni kughushi.

Weusi ulioachwa na mikono ya wachezaji uache, kwa maana mimi nauhesabu kuwa sehemu ya historia ya gongo. Vumbi liondoe kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji ya sabuni na kukamuliwa sana, kisha ukaushe papo hapo. Kama maandishi yamepakwa rangi badala ya kuunguzwa, usiyapitishie maji.

Ufa usipigiliwe msumari, kwa sababu msumari huupanua na kutu yake huozesha mbao. Penyeza gundi ya mbao kwa ncha ya kisu chembamba, futa inayozidi, uzungushie mpini ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli ukiukaza, na uuache siku nzima.

Hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi ni kavu mno, na mbao ikikauka haraka hupasuka. Kwa hiyo lilaze mahali penye kivuli, mbali na joto la bati, na uliinue lisiguse sakafu yenye mchwa. Ukipenda kulipaka mafuta ya kitani, paka tone dogo na ufute yote yanayobaki. Kitambaa ulichotumia kiloweshe maji kabla ya kukitupa, maana kikikunjwa kikiwa na mafuta hayo kinaweza kuwaka chenyewe.

Na gongo hilo lisipigiwe mpira tena: mpini uliowahi kupasuka unaweza kukatika na kumrukia mtu.