Ndaki, kishiriki na majirani wenye maneno

Shikamoo mwalimu. Binti yangu kachaguliwa DUCE, chuo cha elimu kilichoko Chang'ombe. Majirani wanasema hicho si Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, eti ni tawi tu. (Mama, Mbagala)

Marahaba mama, na hongera. Majirani wanachanganya mambo mawili: nani anaendesha chuo, na nani anatoa shahada. DUCE ni chuo kikuu kishiriki. Kina rasi (mkuu wa chuo) wake, walimu wake na maktaba yake, na bintiyo hatahitaji kupanda daladala kila asubuhi kwenda Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ila shahada inatolewa na Chuo Kikuu hicho cha Dar es Salaam. Siku akiletewa cheti, msome pamoja jina lililoandikwa juu kabisa, kisha mpelekee jirani naye asome.

Kwa hiyo kishiriki ni kilicho mbali na Mlimani?

Hapana, na hapo wengi huteleza. Chang'ombe na Mlimani ni mji mmoja, lakini DUCE ni kishiriki. Ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Mbeya, safari ya kutwa nzima kwa basi, na bado ni ndaki, yaani kiungo cha ndani cha chuo chenyewe. Umbali hausemi kitu.

Si bora DUCE na Mkwawa, kishiriki kingine kilichoko Iringa, vijitegemee?

Vyote viwili vilianzishwa 2005, shule za kata zikiota kila kona na walimu wenye shahada hawatoshi. Chuo kichanga kikipata jina la mkubwa, cheti chake kinaaminika tangu siku ya kwanza. Mlimani kwenyewe kulianza hivyo: 1961, darasa la sheria katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, chini ya Chuo Kikuu cha London, 1963 likaja jina la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi, kujitegemea ni 1970. Vyuo vya Muhimbili na Ardhi navyo vilikuwa vishiriki vya Mlimani, Muhimbili tangu 1991, Ardhi tangu 1996, vyote vikajitenga 2007. Mimi sioni haraka. Kuhama kwa baba kuna gharama zake, na anayezilipa kwanza ni mwanafunzi.

Mpwa wangu yuko Harvard College. Ndiyo Harvard ile ile?

Ndiyo. Ni sehemu ya wanaosoma shahada ya kwanza. Sheria na udaktari kule huja baadaye, katika shule nyingine za chuo hicho hicho. Kwetu kijana wa kidato cha sita huingia sheria moja kwa moja.

Kwenye CV niandike DUCE au UDSM?

Vyote, kwa mstari mmoja: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (DUCE).