Maswali Yenu: Hela za Mjomba na Viza ya Masomo

SWALI: Nimekubaliwa na chuo kimoja mjini Leeds, Uingereza. Mjomba wangu wa Nakuru ameahidi kuniwekea pesa kwenye akaunti wiki moja kabla sijatuma ombi la viza. Zitatosha? – Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Hata zikiwa nyingi kiasi gani, wiki moja haitoshi. Karo ambayo hujalipa pamoja na pesa za matumizi, zinazohesabiwa kwa mwezi hadi miezi 9, lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Salio likishuka chini ya kiwango hata siku moja, unaanza kuhesabu upya. Hapo ndipo wengi huanguka: mtu anatoa kidogo tu alipe kodi ya nyumba. Acha na ziada, maana shilingi hupanda na kushuka dhidi ya pauni. Tarehe ya mwisho ya taarifa ya benki nayo isizidi siku 31 kabla ya kulipia ombi.

Akaunti ya mjomba mwenyewe haikubaliki, labda awe mlezi wako kisheria. Azihamishe kwako mapema. Za mzazi zinakubaliwa ukiambatanisha cheti chako cha kuzaliwa na barua yake ya idhini. Hisa za chama cha ushirika usizoweza kutoa upesi usizitegemee.

Kozi ikizidi miezi 6, utapimwa kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa, Nairobi. Weka miadi mapema. Cheti hudumu miezi 6.